Aliyeitikia kwa Kichwa

Maduhu alijua mashine imezimwa kwa sababu ardhi iliacha kutetemeka chini ya kandambili zake. Alikuwa na debe la mahindi begani. Wanawake waliomtangulia wakavuta ndoo zao pembeni, wakaangalia barabara ya Nkoma kama vile bwana harusi anapita. Elia msagaji akajipangusa unga, akaketi juu ya gunia, akampa Maduhu mgongo.

"Mwangaluka," Maduhu alisalimia.

Hakuna mdomo uliosogea.

Nyumbani, mkewe Ng'washi alikuwa amelala, miguu imevimba hadi vifundo vimepotea. Akamvuta sikio la kushoto, lile lililobakiwa na kitundu cha kupitisha sauti, akaita kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Baba Thomasi, wametutenga."

"Nani?"

"Sungusungu. Jirani Nyanjige kaninong'oneza kupitia ua wa minyaa, asionekane. Si ulikuwepo kwenye dagashida?"

Alikuwepo. Kijiji kizima kilikusanyika kwenye baraza hilo, naye akakaa mbele, kama impasavyo mtu aliyekuwa kamanda wa kwanza wa sungusungu mwaka themanini na mbili, wezi walipokuwa wakiswaga mazizi mazima. Enzi hizo, wanasema, Maduhu aliweza kusikia mwizi akiwaza. Mtu wa namna hiyo hatangazi kwamba masikio yamekufa. Siri hiyo waliijua wawili tu, yeye na Ng'washi.

"Kamanda Limbu alikuuliza, ulisikia yowe ng'ombe walipoibwa? Ukaitikia kwa kichwa."

"Mm."

"Ulibaki ndani? Ukaitikia. Adhabu unaijua? Ukaitikia na kutabasamu."

"Nilidhani ananishukuru."

Ng'washi alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia akavuta tena sikio. "Na Joakim, shemeji yake Limbu, naye hakutoka, lakini kaachwa. Eti alikuwa na homa. Siku hiyo alikuwa anacheza bao."

Adhabu Maduhu aliijua sana. Asiyeitikia yowe hasalimiwi, hasagiwi, hapewi moto. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza neno la mwisho, wakati ule walipomtenga Mayige: yowe la aliyetengwa ni la fisi, asitoke mtu. Watu walimpigia makofi. Mayige alihama na watoto wake, hakuna aliyeuliza wapi.

Kesho yake akaenda kwa mtendaji wa kijiji, Januarius, kijana msomi mwenye shati la kupigwa pasi. Nje ya ofisi walinzi wawili wa Limbu walikuwa wakifunga mbuzi wa mjane ambaye hakutoa mchango wa darasa.

"Mimi ni kiziwi," Maduhu alisema. Maneno hayo yalimtoka kwa shida, kama jino. "Sikulisikia yowe."

Mtendaji aliongea kidogo, akaona hayafiki, akachukua karatasi akaandika: *Mzee, hayo ni ya kimila. Serikali haiingilii. Toa dume moja yaishe.*

Maduhu akaigeuza karatasi kuona kama kuna neno upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Dume wa mwisho alikwishauzwa, akaishia hospitali mjini Bariadi.

Aliporudi, Ng'washi alikuwa akivuta pumzi kwa mabega. Midomo yake ilisogea. Maduhu akaliweka sikio la kushoto juu ya kinywa chake, akasubiri. Liliingia joto tu.

"Sema kwa nguvu, mama."

Joto tena, kidogo kuliko la kwanza.

Alijaribu kumbeba, wakaanguka wote wawili mlangoni. Bodaboda ilipita, akaisimamisha kwa mikono miwili. Dereva alimwangalia, akaongeza mwendo.

Basi Maduhu akasimama katikati ya ua, mchana kweupe, akajaza kifua na kupiga yowe. Hakujua kama limetoka au limebaki kooni. Akatazama shamba la pamba la jirani, ambako watu kama ishirini walikuwa wakivuna, Limbu akiwa miongoni mwao. Wote waliinuka kwa pamoja. Mmoja alikwishachomoa rungu, na mwingine alikuwa na mkono mdomoni, tayari kulipokea yowe na kulipeleka mbele, kama walivyofundishwa na Maduhu mwenyewe.

Kwa hiyo limetoka.

Limbu aliinua mkono, akaushusha. Migongo ishirini ikainama tena kwenye pamba.

Maduhu akajaza kifua.