Beseni la Mfalme Ngiri

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, na kama nimetia chumvi hata punje moja, kahawa ya kijiwe kizima leo ni juu yangu. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa mbeba beseni katika baraza la Mfalme Ngiri.

Nchi ile ilikuwa na chemchemi moja, na kwenye jiwe la baraza yalichongwa maneno: Maji Hayana Bei. Watoto waliyaimba, wakubwa waliyaapia. Tena palikuwa na desturi. Kura haikupigwa mpaka kila diwani ainamie beseni la maji ya chemchemi, atazame uso wake, na ataje upungufu wake mbele za watu. Asiyejijua, walisema wahenga wao, asiwaamulie wenzake. Basi Fisi husema, "Namwona mlafi." Kongoni husema, "Namwona mwoga." Watu hucheka, kisha kura hupigwa.

Siku moja akaja Mamba, tajiri wa mto wa mbali, akitaka kuinunua chemchemi na kuizungushia ua. Madiwani walikuwa saba. Mmoja wao, Mama Paa, alikuwa na siku nne tangu ajifungue.

"Mtukufu Mfalme," akasema, "mwanangu hana miguu ya kufika mto wa mbali. Ukiuza, umemzika."

"Diwani, mambo ya jikoni yaache jikoni," akajibu Ngiri, akijichokonoa meno. "Sisi ni watu wa desturi. Leteni beseni!"

Nikalileta. Chini ya maji, kwa amri ya Mfalme, zililala sarafu saba za dhahabu.

Fisi akainama. Akakawia kuliko siku zote. "Namwona... mzalendo," akasema, kisha akazamisha pua mpaka masikioni. Akainuka shavu limetuna. Watu wakampigia makofi.

"Namwona jasiri!" akanguruma Kongoni, akachovya.

Nungunungu, yule aliyekuwa akilia machozi kila sikukuu yakisomwa maneno ya jiwe, aling'ang'ania beseni mpaka akasukumwa.

"Bado hujamaliza kujiona tu?" akafoka Kenge kutoka nyuma. "Zamu kwa zamu, bwana! Na sisi tuna nyuso!"

Alipoondoka wa sita, maji yale yalikuwa mate, matope na manyoya. Harufu yake naisikia hata leo.

Mama Paa akaja wa mwisho. Akangoja maji yatulie.

"Harakisha, mzazi! Mtoto analia huko!" wakamzomea.

"Namwona mama mwenye hofu," akasema taratibu. "Na chini ya uso wangu naiona dhahabu. Kumbe miaka yote hii tuliyaamini maneno ya jiwe kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza bei."

Akageuka, akaenda kukaa. Kura zikawa sita kwa moja.

Ua ukajengwa. Siku ya tatu kitoto cha Paa kilikutwa kimelala hatua kumi kutoka langoni, ulimi nje. Madiwani wakatuma rambirambi. Ya Nungunungu ilikuwa nzuri kupita zote, ina mashairi ndani. Na mwezi haujaandama, wale sita walikuwa kwenye foleni ya Mamba na vibuyu vyao, kila mmoja na sarafu yake mdomoni. Mamba akazipokea moja moja, akazitambua, akacheka mpaka akajilaza chali.

Hapo nikaomba kikombe kingine. Bi Mwanakheri, muuza kahawa wetu, hakumimina.

"Babu, sarafu zilikuwa saba?"

"Saba, mwanangu."

"Wakachukua sita. Mama Paa je?"

"Hakugusa! Yule mama alikuwa na utu."

"Na beseni alilitoa nje nani?"

Kijiwe kizima kikanigeukia. Shekue, kinyozi, akaweka kikombe chini apate kucheka vizuri.

"Basi, basi," nikasema. "Nimetia chumvi. Hapakuwa na Ngiri, hapakuwa na beseni. Mmefurahi?"

"Aliyetia chumvi analipa," akasema Mwanakheri, kiganja wazi.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikamwekea sarafu. Akaishika kwa ncha za vidole, akaifuta kwenye kanga yake, akaifuta tena.

"Babu," akasema, "mbona imelowa?"