Sala ya Kufunga Mkutano wa Wataalamu wa Vitunguu Saumu

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Asubuhi ukungu ulifunika kijiji chetu cha Bashay, kisha yakaja manyunyu ya baridi yaliyolowesha viti vya plastiki kabla wageni hawajafika.

Wageni walikuwa wataalamu wa Chama cha Wanasayansi wa Mazao ya Viungo, waliokuja kutangaza mafanikio yao ya mwaka katika ukumbi wa kanisa letu. Mimi, kama kiongozi wa jumuiya, niliombwa kufunga kwa sala. Wifi yangu Bernadina alikaa kando yangu. Mwaka jana wataalamu hao waling'oa vitunguu saumu vyake vilivyooza mizizi, wakachota na udongo, wakasema majibu yatakuja. Sasa mvua imefika na mbegu zake ziko darini. Akizifukia kwenye udongo mgonjwa, zitaoza, na hana nyingine.

"Leo wataniambia nipande au nisipande," alininong'oneza. "Nimewasalia rozari nzima."

Dakta Nikolausi, mwenyekiti wa Chama, akiwa meza kuu, alisema makala za Chama zimeongezeka na zote zimechapishwa Ulaya. Tukapiga makofi kwa kuwa katibu wake alianza. Moja ilihusu Bashay. Aliionyesha ukutani: Kiingereza kitupu, katikati picha ya shamba lenye zizi pembeni.

"Hilo ni zizi langu," Bernadina alisema. "Na yule ni punda wangu. Amefika Ulaya kabla yangu!"

"Makala inasemaje?" mtu aliuliza nyuma.

"Ni ya kitaalamu mno," Dakta alijibu kwa upole. "Ipo mtandaoni, ila wanaoifungua ni wanachama tu."

Ikaja taarifa ya elimu kwa umma. Picha nyingine: umati nje ya kanisa, nguo safi, na maneno "Wakulima waliofikiwa". Nilijiona mstari wa mbele, nimekumbatia jogoo. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, tukiwa kwenye mnada wa sadaka, na jogoo huyo nilikuwa nimemnunua baada ya kushindana sana na katekista. Wataalamu walisimamisha gari, wakapiga picha, wakaondoka.

"Jogoo naye amefikiwa?" Bernadina aliuliza. Watu wakacheka. Dakta akacheka pia, akidhani tumefurahi.

Kila mara wifi aliponyoosha mkono, aliambiwa maswali ni baada ya chakula. Ilikuwa Kwaresima, lakini pilau ilinukia kama Pasaka. Hatimaye nikaitwa.

Huku kwetu hatufungi bila kuuliza nia. Mwenye nia huitamka kwa sauti, wote wakaitikia. Wageni wakafumba macho, Dakta akiwa tayari amegeukia upande wa masufuria.

"Mwenye nia?" nikauliza.

Bernadina akasimama, na ukumbi wote ukasimama naye. "Nakiombea Chama hiki, kilichompeleka punda wangu Ulaya, kipate nguvu ya kuvuka meza hii na kuniambia kama udongo wangu unaumwa. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," ukumbi uliitikia. Sauti ya Dakta ilisikika kuliko zote.

"Nawaombea pia Kiswahili kiwarudie. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie." Safari hii sauti ya Dakta haikuwepo.

Ningeweza kusema Amina. Sikusema, Mungu anisamehe.

"Mwenye nia nyingine?"

"Ni ileile," wifi alijibu.

Dakta akafumbua macho. Hakuna aliyeketi, hakuna aliyeangalia chakula.

"Shikamoo, mama," alisema. Salamu hiyo alikuwa ameisahau tangu asubuhi.

"Marahaba. Nipande?"

"Usipande. Udongo una ugonjwa. Tulijua tangu mwaka jana."

Ukumbi ukaguna. Bernadina alishika mgongo wa kiti. "Na mimi juzi nimemaliza kulima," alisema taratibu. "Punda anajua, Ulaya wanajua. Na majirani zangu je?"

Dakta akatazama chini. "Sijui. Tulipima kwako tu."

"Basi sala haijaisha," nikasema. "Sema utafanya nini, na wa nyuma wasikie."

Akapandisha sauti. "Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: Jumatatu nitaanza shambani kwa mama huyu, niisome makala yote kwa Kiswahili, kisha nitapima udongo wa kila jirani yake kabla hajafukia mbegu."