Mabeseni Kumi na Nane

Profeseri Jean Bosco alinipa sifuri juu ya kumi, na mimi nilihitaji tano tu ili nisirudie mwaka. Swali lilikuwa moja: integrale ya rasini kare ya x, yaani eneo lililo chini ya mstari wa kipeo cha pili cha x, toka sifuri mpaka tisa. Niliandika 18. Kadaftari kake, kenye kunizidi umri, kanasema 40,5. Nilipoenda kulalamika, akanijibu kwamba kadaftari hako kamefundisha mpaka wakubwa wa ofisi. Hiyo niliamini, ofisi zao nimeziona.

Basi Jumamosi nikaenda Magara kwa shangazi yangu Mwanvua, anayeanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchanga. Kiwanja chake ni metre tisa kwa tatu. Nikalaza kamba toka pembe moja, kila kipimo kikianzia hapo: metre moja mbele, moja juu, nne mbele, mbili juu, tisa mbele, tatu juu, hapo iko pembe inayoikabili. Ikapinda vizuri, rasini kare kabisa. Kisha nikamwita profeseri kwa heshima zote: shangazi anataka kumwachia dada yake upande wa juu wa kamba, anaomba mtaalamu ampimie ule wa chini.

Akaja na tai shingoni. Akapiga hesabu mchangani kwa kijiti. Ile tisa, mara kipeo chake, ikawa ishirini na saba, sawa. Sasa ilibaki kugawanya kwa tatu juu ya mbili; yeye akazidisha, kama kadaftari kanavyotaka. Akatangaza metre kare arobaini na nusu.

Shangazi hakusoma integrale. Lakini waanikaji wote wa pale wanajua kwamba beseni moja la ndagala linafunika metre kare moja. Ukizidisha, wanalaliana na kuoza.

"Murakoze, profeseri," akashukuru. "Ila kiwanja changu chote kinakula mabeseni ishirini na saba. Hayo kumi na tatu na nusu yanayozidi nitayaanika wapi, ng'ambo ya ziwa ku Kongo?"

Akaanza kumwaga chini ya kamba, wanawake wenzake wakihesabu naye. Beseni la kumi na nane likafika kambani, mchanga ukaisha. Profeseri akasema labda ndagala wa mwaka huu ni wadogo. Wanawake wakaanza kuhesabu tena toka moja.

Mwishowe akatoa kalamu nyekundu. Akarekebisha kadaftari kwanza, halafu karatasi yangu, ambayo ilikuwa mfukoni kwa bahati tu. Nane juu ya kumi.

"Na mbili, profeseri?"

"Nimezikata. Hukuonyesha mabeseni."