Vibanio vya Kuwait

Bi Salud alikuwa na maringo, na maringo yake yote yalitoka kwenye boksi moja. Kila Disemba binti yake Rhodora, mtumishi wa ndani huko Kuwait, alituma boksi limejaa sabuni, chokoleti na vibanio vya nywele vinavyometameta kwa ajili ya watoto ambao mama yake aliwasimamia ubatizo. Mtaa mzima ulisikia habari za boksi hilo, utake usitake. Mwaka jana alimwambia Choleng, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, "Shoga, wangu yuko ng'ambo ananikumbuka. Wako yupo hapa hapa, na bado hakukumbuki."

Choleng akaingia ndani kwake. Yule kijana wake mlevi kweli hamkumbuki.

Mwaka huu boksi halikuja. Simu ya Rhodora haikupatikana tangu mvua zianze, na Bi Salud hakumwambia mtu. Tulipouliza sisi majirani, alijibu, "Limefika zamani, nimelificha lisionwe na watoto." Kisha akapanda basi hadi soko la mji wa pili, asikojulikana, akanunua vibanio vyeusi vya plastiki, vile vya bei ya kutupa, na gundi, na pakiti za glita, ule unga unaometameta. Akafunga madirisha mchana kweupe. Alisema ana mafua.

Kazi yenyewe si ngumu: unapaka gundi, unanyunyiza glita, unakung'uta, unaacha ikauke. Lakini kwa unyevu wa Disemba yetu gundi haikauki upesi, na asubuhi ya Krismasi alikuwa bado anamalizia vya mwisho. Akanawa kwa sabuni, akasugua. Mikono ilikuwa imekakamaa kwa gundi, basi akajipaka mafuta ya nazi ipate kulainika. Hapo ndipo alipokosea. Glita iliyobaki kwenye mikunjo ya vidole ilielea katika yale mafuta, ikaenea mgongo mzima wa mkono.

Watoto wakaja kabla ya misa, kama ilivyo desturi, na sisi mama zao nyuma. Mmoja mmoja aliupokea mkono wa Bi Salud, akaugusisha kwenye paji la uso, akapewa kibanio.

"Ninang," akauliza mmoja, ndivyo wanavyomwita mama wa ubatizo, "hivi vya Kuwait?"

"Sasa vya wapi? Vaa, mwanangu, upendeze."

Alikuwa na furaha, maskini. Nilimwona nikasema moyoni, loo, huyu Rhodora ana bahati ya kupata mama kama huyu.

Maricris, mjukuu wa Choleng, ndiye aliyesema. Alikuwa amesimama uani kando ya bibi yake akiwatazama wenzake.

"Bibi, mbona sote tunang'aa hapa?" Akagusa paji lake. "Na wewe Ninang, mkono wako unang'aa."

Tukatazama. Kila mtoto alikuwa na doa la dhahabu juu ya macho. Bi Salud akautazama mkono wake, akauficha ndani ya sketi kwa haraka, na ile haraka ndiyo iliyomaliza kila kitu. Uso ukamwiva. Aliona aibu mpaka tukaona aibu sisi.

Choleng alichukua kibanio cha mjukuu wake, akakigeuza. Gundi ikamnata kidoleni. Nilijua kinachokuja. Mwaka mzima alikuwa ameyameza yale maneno, na leo Mungu alikuwa amempa mpini.

Akamrudishia mtoto kibanio. Akamsogelea Bi Salud, akainama.

"Nibariki, dada."

Hajawahi kumwomba baraka, hiyo ni ya mdogo kwa mkubwa. Walicheza pamoja tangu wadogo, wakaitana majina matupu maisha yao yote. Bi Salud alitikisa kichwa, mkono ukiwa bado sketini, lakini Choleng aliusubiri hadi ukatoka. Akaugandamiza kwenye paji lake, akainuka anang'aa kama watoto.

"Ukiongea na Rhodora," akasema, "mwambie mwaka huu ametupendezesha kuliko miaka yote."

"Nitamwambia," Bi Salud akajibu, kwa sauti ambayo ilisikika kwa shida.

Tukafuata sisi wengine. Msalimie Rhodora. Mwambie asante. Vizuri mno, dada. Tulikuwa tukimsaidia kusema uongo wake, kila mtu kwa zamu, na kila asante ilimshusha mabega zaidi. Hakuna aliyecheka. Nadhani angepewa kuchagua, angechagua tumcheke.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikaupokea mkono wake, nikaugusisha kwenye paji langu. Nami nikasema, "Mwambie asante," maana sikujua la kusema jingine.

Akaniinamia sikioni.

"Hapatikani kwenye simu," akanong'ona. "Sijui hata kama yu hai."

Kengele ya misa ilikuwa inalia. Tukaenda kanisani na mapaji yetu yanang'aa, na hakuna aliyejifuta. Yeye alibaki mlangoni na ule mkono wake, akituangalia tukienda.