Lala Kabla ya Mstari

Jumatatu asubuhi, kabla Kendrell Pruitt hajavua hata koti, kocha Rayburn alimtupia mpira kifuani.

"Huo ni wako mpaka Jumapili," akasema. "Unakula nao, unaoga nao, unalala nao. Mtu yeyote akiupiga ukakutoka, yeyote yule, hata mama wa kufagia, wewe unakaa benchi na Tavion anaanza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kocha."

"Sisikii!"

"Nimekusikia, kocha!"

Adhabu hiyo ni ya zamani, na katika mpira wa Kimarekani kila mkimbiaji, yule anayepewa mpira mikononi akimbie nao, anaijua. Ukiuachia mpira uwanjani, unaubeba wiki nzima, na kila unayekutana naye ana ruhusa ya kuupiga utoke. Kendrell aliwahi kuwaona wenzake wakiubeba na aliwacheka mpaka machozi. Sasa zamu ilikuwa yake, na kicheko kilikuwa kimemkauka.

Na kosa lenyewe, jamani, lilikuwa la aibu. Angekuwa amepigwa na jitu la kutisha, watu wangemhurumia. Lakini Jumapili ile alikuwa amewapita wote vizuri, amebakisha hatua moja kuingia golini, na badala ya kuukumbatia mpira kama alivyofundishwa tangu utotoni kule Mississippi, akaunyoosha kwa mkono mmoja ili uvuke mstari wa goli kabla yake, maana ukivuka tu ni bao. Beki mmoja mdogo akaugonga kwa kiwiko. Mpira ukadunda, ukaokotwa na wengine, na Wahunzi wa Toledo wakapoteza mechi waliyokuwa wameshaishinda. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mji mzima ulijua kwa nini aliunyoosha. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na ndani yake mlikuwa na sharti moja: akifunga bao moja zaidi kabla ya mechi za mtoano, timu ilikuwa lazima imweke mwaka mwingine. Asipolifunga, wangeweza kumwacha, na wangemwacha tu. Bwana Halvorsen, mkuu wa timu, alishasema redioni bila haya kwamba wakimbiaji ni kama matairi, likiisha moja unafunga jingine. Siku hizi timu zinataka kurusha mpira juu, waruke, wadake, watu washangilie. Wa kusukumana chini kwenye matope hana bei. Kendrell alikuwa na miaka ishirini na minane. Kwa daktari, huo ni ujana. Kwa mkimbiaji, huo ni uzee, na simu ya mkimbiaji mzee hailii.

Basi akaubeba. Jumatatu hiyo hiyo, alipokuwa akipanga foleni ya kahawa, mpishi wa timu aliupiga kwa kijiko kikubwa cha supu. Haukutoka. Jumanne kinyozi wake aliacha wembe hewani, akaupiga kwa chini, na Kendrell akakaribia kukatwa sikio. Haukutoka. Kwenye mkahawa wa Bi Dolores, alikozoea kunywa chai, yule mama mwenyewe aliweka sinia mezani taratibu, akatabasamu, akamwuliza habari za mtoto, kisha akaushambulia kwa mikono yote miwili.

"Nimekosa usingizi kwa ajili yako!" akafoka. "Mume wangu hajala tangu Jumapili!"

"Samahani, mama."

"Samahani yako siwezi kumpikia! Ushike huo mpira, we mtoto, ushike!"

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini mpira hakuulegeza. Alianza kuwaogopa watoto wenye baiskeli. Alianza kuiogopa milango, maana huwezi kujua nani yuko nyuma yake. Mkono wa kulia ulianza kufa ganzi kuanzia begani. Mazoezini Tavion Meeks, kijana aliyeletwa mwaka ule kuja kumrithi, alikuwa akimnyemelea kwa heshima zote. "Shikamoo, mkubwa," anasema, halafu paa! anaupiga. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataka kazi tu, kama Kendrell mwenyewe alivyoitaka alipomwondoa mzee wa kabla yake, na jambo hilo ndilo lililomnyima Kendrell hata raha ya kumchukia.

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya. Kuna desturi kwamba mkimbiaji huwalisha wale wanaume wakubwa wa mbele wanaomfungulia njia. Ukuta wake ndio riziki yake, na mkimbiaji anayesahau kuulisha ukuta wake ni mjinga. Mkewe Keosha alipika kunde, mboga za majani na nyama ya nguruwe, kama wanavyopika kwao kila mwaka mpya ili bahati ije. Wanaume wakajaa sebuleni mpaka viti vikalia. Bogdan Kowalczyk, yule wa katikati anayeuanzisha mpira, alileta bakuli la maandazi ya viazi yaliyopikwa na mama yake, akakaa karibu na Kendrell, na kabla sala haijaisha akaupiga ule mpira kwa ngumi.

"Amina," akasema.

"Bogdan! Mungu anakuona!"

"Mungu naye ni shabiki wa Wahunzi. Jumapili ile alikuona wewe."

Wakaangua kicheko. Lakini Bogdan hakucheka sana. Magoti yake yalikuwa yameshakataa, msimu huu ulikuwa wa mwisho kwake, na katika miaka yote aliyocheza hajawahi kuifikia hatua ya mtoano. Wakishinda Jumapili, mechi ya mwisho kabla ya mtoano, wanaingia. Wakishindwa anatundika viatu. Baada ya kula aliinama akamwambia Kendrell kwa sauti ya chini:

"Ndugu yangu, nikwambie kitu? Jumapili nilikuwa nimemlalia yule mnene wao, pua yangu iko kwenye majani. Nikageuza shingo nikaona mkono wako umenyooka. Nikasema moyoni, huyu ametusahau."

Kendrell angemwambia nini mtu aliyempigia njia miaka minne kwa mgongo wake? Akammegea kipande kingine cha nyama, na Bogdan akakipokea.

Wageni walipoondoka alimkuta Keosha jikoni anasugua sufuria kwa hasira, kama sufuria ndiyo iliyomkosea. Binti yao Amaya alikuwa chini ya meza anachezea vijiko.

"Alikwambia nini yule?"

"Mambo ya mpira."

"Na mimi nikwambie mambo ya nyumba. Ukipata nafasi Jumapili, funga. Sisemi uunyooshe mkono kama mwendawazimu. Nasema ukiliona goli, ingia. Nimehama mara ngapi na wewe, Kendrell? Nimechoka kufunga maboksi. Mtoto ameanza kuzoea watu hapa. Mimi nimeanza kuzoea watu hapa, tena na baridi yao yote hii!"

"Nimekusikia."

"Usinijibu kama unamjibu kocha wako!"

Alipogeuka alifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Kendrell akataka kumkumbatia, akakumbuka kwamba ana mkono mmoja tu, mwingine una mpira. Akamkumbatia nusu.

Jumapili mpira haukuwa umeanguka, kwa hiyo alianza yeye. Theluji ilikuwa inashuka nyembamba, upepo unavuma kutoka ziwani, na mrushaji wao mwenye mikono ya dhahabu hakuweza kuurusha kokote. Kila alipourusha, upepo uliupeleka unakotaka wenyewe. Ala! Wale waliokuwa wakisema wakimbiaji hawana bei sasa walikuwa wanalia, "Mpe Pruitt! Mpe Pruitt!" Naye akapewa. Yadi mbili. Yadi tatu. Anapigwa, analala, anaamka, anapewa tena. Bandu bandu huisha gogo. Bogdan na wenzake wanasukuma, mvuke unawatoka kichwani, na nyuma yao Kendrell anajipenyeza huku amefunga mikono yote miwili tumboni. Tavion alikuwa akipokezana naye, na ndiye aliyefunga bao la Wahunzi, akatokea kwenye rundo la watu akirukaruka. Kendrell alimpongeza, kisha akaenda kukaa peke yake.

Mwishoni kabisa Wahunzi walikuwa wanaongoza kwa pointi moja, mpira ni wao, na goli la wapinzani liko mbele kidogo. Wapinzani walikuwa wameshatumia nafasi zao zote za kusimamisha saa. Rayburn akawaita pembeni, akamshika Kendrell kwenye chuma cha kofia, akamvuta mpaka pua zikakaribiana.

"Sikiliza, mwanangu. Watakufungulia mlango. Wanataka ufunge, maana ukifunga mpira unakuwa wao, na muda wa kusawazisha wanao. Usifunge. Fika karibu na mstari, ulale ndani ya uwanja. Ukilala, saa inaendelea na mechi imekwisha. Ukifunga, labda tunashinda. Ukilala, tumeshinda. Umenisikia?"

Kendrell alitupa macho kwenye mstari.

Rayburn naye aliwahi kukimbia, naye aliwahi kuachwa. Alikuwa analijua lile sharti vizuri kama alivyokuwa analijua jina lake. Macho yake yakalegea kidogo. "Najua," akasema. "Najua, mwanangu. Nikikutoa nikamweka kijana, yeye atafunga, hataweza kujizuia. Ndiyo maana nakuweka wewe."

Shukrani ya punda ni mateke, Kendrell alijisemea akirudi uwanjani. Miaka yote hii wananiambia sina thamani, na leo thamani yangu ni kulala chini. Alimtafuta Keosha kule juu jukwaani, asimwone. Aliona rangi za makoti tu. Bogdan aliinama juu ya mpira, akageuza kichwa akamtazama mara moja.

Mpira ukamfikia tumboni. Akaingia kulia kwa Bogdan akijikaza kwa ajili ya pigo, na pigo halikuja. Jitu lililokuwa linamvunja mbavu jioni nzima lilimpisha. Jingine lilijifanya limeteleza. Baada ya wiki nzima ya kupigwa na kila kiumbe, na vijiko na mabibi, hakuna aliyetaka kumgusa. Mbele yake palikuwa peupe, theluji safi, na ule mstari.

Mwaka mzima ulikuwa pale. Ulikuwa hatua nne mbele, nyumba ile ile, jirani wale wale, Amaya na vijiko vyake. Akasikia nyuma yake mtu mzito anakimbia na kuhema vibaya, magoti mabovu yanajikokota kumfuata, na sauti ya Bogdan inapiga kelele kitu ambacho hakukielewa.

Kendrell akajikunja, akalala juu ya mpira. Alikuwa karibu na mstari kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa.

Hakuunyoosha. Beki mmoja akamwinamia akamgusa mgongoni, mwamuzi akapuliza, na saa ikaendelea kutembea huku wapinzani wakiiangalia mikono kiunoni. Bogdan akafika akamwangukia kwa uzito wake wote, akimpigapiga kofia na kulia kama mtoto. "Mpumbavu wee! Ulikuwa umefika! Ulikuwa umefika, mpumbavu wee!" Kendrell alikuwa hawezi kupumua, naye alikuwa analia.

Mechi ilipokwisha Bwana Halvorsen alikuwa amesimama mlangoni pa vyumba vya kubadilishia nguo, koti refu, mkono umetangulia. "Umefanya jambo kubwa, Pruitt," akasema. "Kubwa sana. Tutaongea." Alipokuwa anasema hivyo macho yake yalikuwa yanamfuata Tavion, aliyekuwa anapita amebebwa juu juu. Kendrell alikuwa ameishi kwenye mchezo huu muda wa kutosha kujua "tutaongea" ni neno la namna gani.

Ule mpira wa adhabu ulikuwa ukimsubiri kabatini, na hakuna aliyemdai. Alioga, akavaa, akatoka nao hivyo hivyo hadi kwenye maegesho, mahali familia zinaposubiri. Kuliko lile jitu la mbavu, kuliko Halvorsen, mtu aliyemwogopa ni huyu aliyesimama kando ya nguzo, mtoto amemlalia begani, theluji kwenye nywele.

"Uliliona goli?" Keosha akauliza.

"Nililiona."

"Hakukuwa na mtu mbele yako."

"Hakukuwa na mtu."

Keosha akamtazama. Kisha akaupiga mpira kwa ngumi, kwa nguvu, kwa chini, mahali pale pale alipopiga kinyozi. Haukutoka. Akaupiga tena, na tena, mpaka mkono ukamwuma, na mpira haukutoka.

"Niachie sasa," akasema. "Umeshinda. Niachie."

Ilimbidi auvute taratibu, maana mkono wa Kendrell ulikuwa umekakamaa na haukutaka kufunguka. Akauweka chini kwenye theluji, karibu na nguzo. Halafu akamtoa Amaya begani, akamlaza kwenye ule mkono uliobaki umekunjwa, na mtoto akaenea pale bila kuamka.

"Yale maboksi ya kuhamia yapo gereji," Keosha akasema. "Sikuyatupa."

Akatangulia kwenda kulitafuta gari, na Kendrell akamfuata, amemshika mtoto kwa mikono miwili.