Mtu wa Besi ya Tatu

Jumamosi ile, saa saba mchana, kocha Monari wa Migori alichora mistari ya uwanja wa besiboli kwa majivu ya tanuri la tumbaku. Unga wa mahindi aliuacha zamani, maana kuku wa Migori hawaheshimu mistari. Alipofika besi ya tatu akasema, "Inua mguu." Chrispine akainua wa kushoto, kisha wa kulia, mstari ukapita.

Chrispine, mkimbiaji wa Migori, alikuwa amesimama pale tangu Agosti 2008. Siku hiyo Migori na Homa Bay walikuwa nne kwa nne, raundi ya mwisho, na Monari alimfokea, "Usitoke hapo mpaka mpira upigwe!" Mara mvua ikashuka, mwenyekiti wa ligi akaondoka na mpira chini ya koti, na mpira haukupigwa. Chrispine hakutoka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akabaki nayo hiyo hiyo. Mdogo wake, ambaye sasa ana kitambi, humwita "kijana." Mchumba wake Lynnet alimngoja misimu mitatu, kisha akaolewa Lambwe; siku za soko hupita kumsalimia na kumwonyesha watoto. Mvua ikinyesha, timu humfunika turubai.

Kanuni ya ligi iliandikwa enzi ambapo ligi nzima ilikuwa na mpira mmoja. Inasema mechi iliyosimama humalizwa kwa mpira ule ule. Mpira ule ulikuwa Homa Bay, katika kabati la kioo la mwenyekiti. Monari alimwandikia barua arobaini na moja. Alijibiwa mara moja tu, kwa kalenda.

Kwa miaka thelathini na mmoja Monari alikuwa amewafundisha wachimba dhahabu wa Macalder kurusha na wavuvi wa Sindo kudaka bila wavu. Alikuwa na vikombe sita, kimoja akipimia maharagwe. Alikuwa na ushindi mia nne tisini na tisa. Kocha akifikisha mia tano, jina lake huchorwa kwenye ukuta wa ofisi ya ligi. Ukuta huo haukuwa na jina hata moja. Na leo Monari alikuwa anastaafu.

Mwenyekiti alifika saa nane na nusu, akampa barua ya kumuaga. Monari aliitia mfukoni, kwani miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Kisha mwenyekiti akatoa ule mpira, ndani ya sanduku la kioo.

"Nimeutunza miaka yote hii," aliwaambia watu. "Haujapata hata mkwaruzo."

"Tuupige mara moja," Monari akasema.

"Mzee, hii ni mali ya ligi. Ina namba."

"Basi niushike tu, nipigwe picha."

Picha ni jambo ambalo mwenyekiti hakuwahi kulikataa maishani. Monari aliushika mpira, akatabasamu, picha ikapigwa. Kisha akamrushia Otieno wa Homa Bay, mrushaji wa siku ile ya 2008, aliyekuwa amekuja kula wali wa sherehe. Otieno akaweka sahani chini. Maroa, mpigaji wa siku ile, alikuwa tayari na gongo. Alikuwa ameliegemea tangu asubuhi kama fimbo ya kutembelea.

"Rusha, jaduong', mzee wangu, kabla mgongo haujanishika!" Maroa akasema.

"Shika gongo vizuri, usije ukaniharibia wali!"

Mpira ulipigwa. Haukwenda mbali, lakini ulipigwa. Chrispine akatoka mbio kuelekea besi ya nyumbani, ambako mkimbiaji akifika ni bao. Kila hatua mbili mwaka mmoja ulimwingia: hatua ya nane ndevu, ya kumi na sita kitambi, ya ishirini na nne goti likaanza kuuma. Alifika besi ya nyumbani akichechemea, ana miaka karibu arobaini, akauliza kama kuna chai.

"Tano kwa nne," alisema Leonida, mwandishi wa alama, akilifunga daftari la 2008. "Ushindi wa mia tano, Mwalimu."

Mwenyekiti aliuokota mpira, akaupangusa kwa tai.

"Soma barua yako, mzee."

Leonida aliisoma kwa niaba yake. Ilisema Monari alikuwa amestaafu leo saa sita mchana. Timu isiyo na kocha, barua iliendelea, huongozwa na mwenyekiti wa ligi.

"Kwa hiyo huu ni ushindi wangu wa kwanza," mwenyekiti akasema. "Najiona nimeanza vizuri."

Alipigwa picha nyingine, akaondoka na mpira.

Monari alitembea hadi besi ya tatu, akatia miguu katika mashimo mawili aliyoyaacha Chrispine. Yalimtosha.

"Unafanya nini, Mwalimu?" Leonida akauliza.

"Nangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aurudishe."

"Mpira?"

"Ushindi."

Leonida alikwenda kumchukulia chai, na turubai pia, kwa kuwa upande wa ziwani kulikuwa kumeanza kutanda mawingu meusi.

Msimu huu mvi za Monari hazijaongezeka. Ukuta wa ofisi umepakwa rangi upya, na bado hauna jina. Kila Jumamosi saa saba mchana, Chrispine huja akichechemea na ndoo ya majivu.

"Inua mguu, Mwalimu."

Monari huinua wa kushoto, kisha wa kulia.