Puti Kwenye Nguzo

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Naogopa barafu, naogopa kulungu wanaorukia barabarani, naogopa malori ya magogo. Nyumbani kwetu Skellefteå hilo ni la kuchekwa mezani. Mke wangu Anneli husema siku nikifa nitauliza kama jeneza lina mkanda. Nami humjibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, halafu tunaendelea kula.

Kazi yangu ni kuvisha magari plastiki angavu. Ukilitazama gari huioni, lakini kokoto ikirushwa na tairi la mbele inaigonga hiyo, rangi inabaki salama. Mwezi wa tatu, theluji inapoyeyuka na changarawe ya majira ya baridi imebaki lamini, wateja hunipangia foleni. Na gari la mtu siligusi kabla sijalipitia lote na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani husoma mikroni mia moja na ushei. Ikisoma mia tatu, limepakwa upya. Ikifika elfu, chini kuna puti, ile lipu ngumu ya kujazia mabonde ya bati, na palipo na puti pamewahi kupondeka. Miaka ishirini na miwili sijaruka hatua hiyo, isipokuwa mara moja tu, kwa gari la mwanangu.

Binti yangu Ylva ana miaka ishirini na minne. Alipata kazi ya uuguzi Kiruna, kilomita mia nne kaskazini, akanunua gari la buluu kwa mtu wa mtandaoni bila kuniuliza. Nilimmwagia maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Wiki mbili hatukusemeshana. Ijumaa akaja mwenyewe karakanani, nyuma ya nyumba.

"Baba, nivalishe mbele na zile nguzo mbili za kando ya kioo cha mbele, njia ya huko ina mawe. Ila ukitoa hicho kidude chako cha kupimia, naondoka."

"Kidude hakiumi, mwanangu."

"Mimi kinaniuma. Nimelinunua kwa jasho langu, nimelipenda, basi."

Nikakifungia kabatini. Nilitaka amani, jamani, ningefanyaje? Mganga hajigangi. Nikapuliza maji ya sabuni, nikalaza plastiki, nikakamua maji kwa mpira. Kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva, kipande cha kwanza kilikaa upogo. Nikakibandua, nikakitupa chini, nikaweka kingine na kuuchomeka ukingo wake chini ya mpira wa mlango. Ylva alikuwa akinisimulia chumba alichopangiwa huko, anacheka, na mimi furaha ilinijaa hadi mikono ikawa inafanya kazi peke yake. Kesho yake saa moja asubuhi akaondoka.

Saa tatu na nusu nilikuwa nafagia. Kile kipande kikanasa kwenye ufagio. Nilipokibandua nikaona upande wa gundi kuna kibanzi cha rangi ya buluu, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nikakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na puti ya kijivu, nene kama ganda la yai.

Hakuna kiwanda kinachopaka puti kwenye nguzo ya kioo. Nguzo hiyo ndiyo inayolizuia paa lisikuponde gari likipinduka. Ukikuta puti pale, ujue imekatwa ikaungwa, na anayeiunga ni mtu aliyekuwa na nusu ya gari moja na nusu ya jingine. Mwanangu alikuwa ndani ya kitu hicho, kwenye lami yenye barafu, mwendo wa mia na kumi.

Nikapiga simu. Haikupokewa. Nikapiga tena, mara ya tatu, ya sita. Ukaja ujumbe: "Baba, barabara kavu, kulungu hakuna, nimekula. Nitapiga nikifika."

Nikakimbilia jikoni. Anneli alikuwa anakuna viazi.

"Umeanza," akasema bila hata kugeuka.

"Anneli, gari limeungwa."

"Na mwaka jana ndege ilikuwa na ufa. Mwache mtoto apumue, mume wangu."

Nikamwekea kibanzi kiganjani. Ameishi na mimi na plastiki zangu miaka yote hiyo, hakuhitaji maelezo. Nilimwona uso ukimbadilika. Akafuta mikono, akapiga yeye. Nayo haikupokewa. Ukaja ujumbe mwingine: "Mama, usikubali kutumwa."

Hapo nikaijua hofu ya kweli. Hofu zangu nyingine zote zilikuwa mchezo, na nilizipigia kelele mpaka kelele zikaisha thamani. Ningemwandikia nini aamini? Hatari? Kaisikia tangu akiwa na miaka mitatu. Kifo? Kila wiki namtajia.

Nikaandika: "Ylva, jana nilikata rangi yako kwa kisu. Kwenye boneti. Nikakuficha. Nisamehe."

Katika kazi yetu plastiki hukatwa juu ya gari lenyewe, na kisu kikizama hadi kwenye rangi, hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Ylva anajua sijawahi. Nimejigamba kwa hilo hata siku ya harusi ya dada yangu. Haikupita dakika moja, simu ikalia.

"Baba! Wewe? Umekata?" Alikuwa anacheka na kushangaa kwa pamoja. "Kwani umezeeka?"

"Uko wapi?"

"Töre, kituo cha mafuta. Nilikuwa ndiyo natoka. Mkato mrefu?"

"Zima gari. Toa ufunguo."

"Hukukata, sivyo?"

"Sikukata."

"Baba, yaani umefika hapo? Unanidanganya ili nisimame?"

"Nguzo yako ina puti, Ylva. Upande wako. Nimeishika kwa mkono huu. Naja, usisogee hata mita moja, nakuomba kwa—"

Simu ikakatika. Nikipiga, imezimwa.

Kutoka kwetu hadi Töre ni saa mbili na zaidi. Nilichukua kipimo, nikamwacha Anneli mlangoni, akiendelea kupiga simu isiyoita. Sijui niliendeshaje. Niliongea peke yangu njia nzima. Nilisema amesubiri, nikasema hakusubiri, amekasirika, anakanyaga mafuta kunionyesha. Kila lori la magogo lililokuja mbele yangu nililiona likitoka kumwua. Karibu na Råneå gari la wagonjwa likanipita kwa ving'ora, likielekea kaskazini. Nilipiga kelele ndani ya gari kama mtoto. Nililifuata kwa macho hadi likapotea kwenye kona, na mkojo ukanitoka kidogo. Nasema kweli.

Gari la buluu lilikuwa kwenye kituo, kando ya pampu ya upepo. Ylva alikaa juu ya ukingo wa theluji, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, kikombe cha kahawa mkononi. Nilizima injini nikashindwa kushuka. Akaja yeye akanifungulia mlango.

"Pima," akasema.

Nikapima boneti: mia moja kumi na nane. Mlango wa kulia: mia moja kumi na tano. Mashine ikakataa mara mbili. Nguzo ya kulia: elfu moja na mia mbili. Nguzo yake, ile iliyo karibu na kichwa chake: elfu moja mia sita arobaini. Nikapima ukingo wa bodi ulio chini ya milango, pande zote, nao ukasoma hivyo hivyo. Nusu ya mbele ilikuwa ya gari moja, nusu ya nyuma ya jingine.

Nilimtazama nikitegemea kilio au matusi. Alikuwa amepauka, lakini hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Ylva?"

"Linapiga mluzi," akasema kwa sauti ndogo. "Ukifika tisini, hapa juu ya sikio langu, upepo unaingia. Na kwenye matuta kuna kitu kinalia. Tangu siku niliyolinunua."

"Wiki mbili nzima? Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba? Wewe unaogopa hata mvua. Ningekuambia, nisingelala kwa maneno yako." Akavuta kamasi. "Nikawa naongeza sauti ya redio."

Nilifungua mdomo, na najua kilichokuwa ulimini, kile kile cha siku zote, nilikwambia mimi. Nikakimeza. Miaka ishirini na minne nimemwonya mtoto huyu juu ya kila kilichopo duniani, na siku alipoisikia hatari kwa sikio lake mwenyewe, mtu wa kwanza kufichwa nikawa mimi.